Wingu la Dokta

Mimi ni fundi wa viyoyozi, na sipendi mtu anisimamie kichwani nikiwa kazini. Lakini mchana ule mpwa wangu alisimama nyuma yangu karibu saa nzima na sikuthubutu kumwambia asogee. Kompresa, ule moyo wa kiyoyozi, ilikuwa imekufa. Niliigusa ikaniunguza vidole, nikanusa mafuta yaliyoungua, nikajua basi tena.

"Mjomba, itapona?"

"Ngoja kwanza nifungue," nikasema, huku natafuta spana ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.

Mpwa wangu tunamwita Dokta. Dada yangu alimpachika jina hilo hata sekondari hajamaliza, na majirani wakamtania weee mpaka wakachoka. Sasa cheo chenyewe kilikuwa kimebakiza hatua moja. Dokta alikuwa anasomea jinsi nyota zinavyozaliwa, na ushahidi wake wote ulikuwa kwenye chumba kile cha kompyuta cha chuo, ndani ya makabati sita yanayovuma kutwa kucha. Kompyuta ilikuwa ya kuazima. Kesho yake saa sita wenyewe wangekuja kuichukua, na mwisho wa mwezi alitakiwa akabidhi tasnifu. Hesabu aliyoiachia kompyuta hiyo ilishakwenda siku sabini na moja. Zilibaki saa mbili tu.

Kuna siku nilimuuliza, nyota gani hiyo ina uchungu wa siku sabini? Akacheka, akanichorea wingu kwenye boksi tupu la feni. Ni wingu la gesi, akasema, lina baridi kuliko friji zote ulizowahi kutengeneza. Uzito wake wenyewe unalivuta liporomokee katikati, ila uga wa sumaku unalizuia. Na sumaku haina habari na gesi ya kawaida. Inashika zile chembe zenye chaji tu, atomi zilizonyang'anywa elektroni na mionzi inayopita angani. Ni chache mno, pengine moja kati ya milioni kumi, lakini zinagongana na zile nyingine na kuzichelewesha.

"Yaani hao wachache ndio wanawazuia wote?"

"Kwa muda tu. Gesi isiyo na chaji inapenya katikati yao, kidogo kidogo, miaka na miaka. Na kule ndani kabisa chaji zinazidi kupungua, sumaku inakosa cha kushika. Uzito ukishinda, wingu linaporomoka, nyota inaanza. Kamati yangu ya tasnifu inabisha. Wanasema kwa wingu kama langu sumaku haitalegea kamwe."

"Si gesi inavuja tu!"

"Eeh! Mjomba, umenielewa kuliko kamati nzima."

Nilitembea kifua mbele wiki ile yote. Mpumbavu mimi.

Kwa sababu hata mimi nilikuwa na gesi yangu inayovuja. Tangu mwezi wa kwanza wa hesabu ile niliijua: nati moja ya bomba la gesi ya kiyoyozi, nyuma ya kabati la mwisho. Niliipaka povu la sabuni, likatoa mapovu madogo madogo. Kuikaza vizuri ilibidi kabati lisogezwe na chumba kizimwe siku mbili. Na Dokta, siku anaanza hesabu yake, alinishika mkono akaniambia, "Ombi langu moja tu, Mjomba, chumba kisizimwe." Nikamwambia alale usingizi. Kila Jumatatu naongeza gesi, naandika kwenye daftari "iko sawa", naondoka. Sikumwambia msimamizi, sikumwambia mtu. Mafuta ya kompresa nayo yalikuwa yakitoka na gesi, na kompresa bila mafuta huungua, hilo fundi hahitaji kufundishwa.

Saa tisa kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na moja. Ikifika thelathini na tano, mashine inajizima yenyewe. Nilipiga simu kutafuta kompresa, nikaambiwa siku tatu. Tukafungua milango, tukabeba feni za ofisi zote, tukapulizia joto juu ya joto. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Dokta alikuwa ameketi mbele ya skrini, macho kwenye namba inayoonyesha gesi imesongamana kiasi gani katikati ya wingu. Nilishindwa hata kumwangalia.

Kwenye thelathini na nne akapiga kelele. "Limeanza! Mjomba, njoo uone, linaporomoka!"

Namba ilikuwa inapanda kama imefukuzwa. Alinikamata shati. Alihitaji nusu saa nyingine, kamati isije ikasema wingu limetikisika tu likatulia. Nilichukua boksi, nikapepea kabati. Ndiyo, mtu mzima na vyeti vyangu, napepea kompyuta kwa boksi. Jasho linanitiririka, na Dokta ananiambia, "Pepea, Mjomba, pepea."

Feni za makabati zikanyamaza moja baada ya nyingine. Skrini ikawa nyeusi.

Hakulia. Aliniambia, "Umejitahidi, Mjomba. Hukuwa na la kufanya." Hilo ndilo lililonishinda. Nikamweleza yote, nati, mapovu, Jumatatu zangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hesabu inaweza kusimamishwa, Mjomba. Inahifadhi pale ilipofika, mnafanya kazi yenu siku mbili, inaendelea palepale. Mwezi wa kwanza ningeisimamisha bila shida yoyote. Leo siku zimekwisha, kesho wanaichukua kompyuta yao."

"Si ulisema chumba kisizimwe?"

"Kisizimwe bila kuniambia." Sauti yake ilikuwa ya upole, na afadhali angenitukana. "Ungeniuliza tu."

Akaokota daftari zake, akatoka nje kumpigia mama yake simu. Nilibaki peke yangu na joto lile. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikachukua sabuni, nikajipenyeza nyuma ya kabati la mwisho, nikaipaka ile nati. Nikasubiri. Halikutoka povu hata moja. Hakukuwa tena na gesi ya kuvuja.