Kadi za Mkono Wangu

Watu husema hasira hasara. Mimi yangu niliifuga miaka mitatu, nikailisha, nikainywesha, na Alhamisi moja asubuhi ikaanza kunilipa.

Kazi yangu ilikuwa uhakiki. Kampuni yetu inatuma barua pepe kwa niaba ya wafanyabiashara: mwenye duka analeta orodha ya wateja wake, anaandika tangazo, sisi tunalifikisha kwa maelfu kwa mpigo. Sasa wapo wanaookoteza anwani za watu wasiowajua wakawasumbua, ndiyo maana kuna mashine inayolinda mlango. Inaangalia barua ngapi zimerudi bila kufika, watu wangapi wamebonyeza "hii ni taka", na ikishuku tu inafunga akaunti papo hapo. Sisi tunaiita Kimbelembele, maana kuuliza haijui, inajua kukamata. Ikishakamata, faili linakuja kwa mmoja wetu, binadamu, naye ana siku mbili za kazi kuamua afungue au afunge moja kwa moja.

Alhamisi hiyo, saa tatu kamili, faili langu la kwanza lilikuwa la duka la miwani. Nikasoma jina la mwenye duka. Nikasoma tena. Nikainuka nikaenda kunywa maji, nikarudi nikakuta bado ni yeye.

Huyu bwana anajiita Daktari. Udaktari wenyewe hana, anachojua ni kuuza fremu, kwa hiyo akishatupa kisogo sisi wafanyakazi wake tulimwita Daktari wa Fremu. Nilikaa mapokezi kwake miaka sita. Kila aliyekuja kupima macho nilimpa kadi, nikamweleza kwamba akipenda tutamkumbusha kwa barua pepe muda wa kupima tena ukifika, na akikubali anaandika anwani yake na kuweka saini. Ambaye macho yalikuwa hayamsaidii nilimwandikia mimi, yeye akasaini tu, na hao ndio walikuwa wengi, duka lenyewe si la miwani? Zilifika kadi elfu nne na mia mbili, na hakuna mtu hata mmoja niliyemlazimisha.

Kisha biashara ikayumba. Mshirika wa Daktari akaja juu: mbona wateja ni wengi kwenye kadi na dukani hawaonekani? Ukweli ni kwamba miwani ilikuwa inachelewa miezi na miezi, watu wakachoka kuzungushwa. Hilo Daktari hakuweza kulisema. Akasema dada wa mapokezi amebuni wateja. Nikapewa barua ya kufukuzwa yenye mstari mmoja ninaoujua kwa moyo: "Umeghushi kadi za wateja kwa mkono wako." Nikatoka na mkoba wangu na kikombe changu cha chai.

Kilichoniuma si kazi, kazi huja na kuondoka. Kilichoniuma ni baba mdogo. Yeye ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki nikiwa na miaka tisa, na yeye ndiye aliyeniombea kazi ile, kwa sababu ni rafiki wa Daktari tangu ujana. Baada ya barua ile akautangazia ukoo mzima kwamba nimemvua nguo mbele za watu. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku anaangalia ukuta. Kwenye arusi za kwetu nikawa nakalishwa na wageni wa mbali, mimi niliyezoea kushika funguo za stoo. Kiti changu cha mapokezi akapewa binti yake, mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Miaka mitatu nimeitwa mghushi na damu yangu mwenyewe, na kitu nilichokuwa nakitaka duniani kilikuwa kimoja tu, baba mdogo ajue kwamba nilisingiziwa.

Kanuni yetu ya kwanza kazini inasema ukimjua mteja, rudisha faili apewe mwingine. Msimamizi wetu anaikariri kila wiki, hadi tumempachika jina la Mama Kanuni. Nilikaa na kanuni hiyo kama dakika moja hivi. Kisha nikalivuta faili kwangu.

"Mbona unaichekea Kimbelembele?" akauliza jamaa wa meza ya pili. "Imekuposa?"

"Imeleta mahari kabisa," nikamjibu.

Nikaangalia alichokamatiwa. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo alikuwa anafungua tawi la pili, akatuma mwaliko kwa orodha nzima. Anwani mia tatu zilikuwa zimekufa, maana watu hubadilisha anwani, na watu tisa waliokwisha kulisahau duka wakabonyeza taka. Mashine ikafunga kabla robo ya mialiko haijaondoka. Kosa la kweli halikuwepo. Mhakiki yeyote angemfungulia akaunti chai yake ikiwa bado ya moto, lakini mimi sikuwa mhakiki yeyote.

Nikamwandikia. Sisi hatuandiki majina, tunaandika namba tu, kwa hiyo kwake nilikuwa Mhakiki Kumi na Nne. Nikamuuliza anwani amezipata wapi. Jibu lilikuja mbio. "Mheshimiwa mhakiki," anasema, yule yule aliyekuwa akiniita kwa kupiga kalamu mezani, "nakuomba kwa heshima na taadhima. Kila nilicho nacho nimekiweka kwenye tawi hili. Bila mialiko hii Jumamosi hakuna atakayekuja." Barua hiyo niliisoma mara tatu, na si kwa sababu sikuielewa.

Na akaambatanisha ushahidi: picha za kadi. Nikafungua ya kwanza, ya pili, ya mia. Mwandiko wangu. Kadi zile zile alizoziita za kughushi, hakuzichoma wala hakuzitupa, alizifungia kabatini kama hati za shamba, na sasa anazitoa zimwokoe. Nilijiziba mdomo kwa mkono nisicheke ofisi nzima ikasikia.

Nikamwandikia tena, kwa adabu zote. Nani alizikusanya kadi hizi? Naomba barua yenye saini na muhuri, ikithibitisha kwamba ni za kweli na ikimtaja aliyezikusanya.

Asubuhi ya Ijumaa nilipotuma ombi hilo ilikuwa saa tatu na dakika tano. Saa tatu na dakika ishirini na tatu barua ilikuwa mbele yangu. "Nathibitisha kwamba kadi zote ni halali. Zilikusanywa na," halafu majina yangu yote matatu, bila kukosea hata herufi, "mfanyakazi mwaminifu kuliko wote niliowahi kuwa nao." Chini saini, na muhuri wa bluu. Dakika kumi na nane. Hakuhitaji kukumbuka, hakuhitaji kuulizia, hakuhitaji hata kukuna kichwa. Alikuwa anajua siku zote.

Kutoa nakala ya barua ya mteja ni marufuku. Nikaitoa. Mchana nikavuka barabara mbili hadi kibandani kwa baba mdogo, ambako anatengeneza vyerehani vilivyoharibika. Nilimkuta ameinamia mashine iliyofunguliwa tumbo, mikono imejaa mafuta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akauambia ukuta.

Nikaiweka barua juu ya cherehani. Akajifuta mikono, akavaa miwani, akasoma polepole hadi mwisho. Nilikuwa nimeingoja sura ile miaka mitatu: mshangao, aibu, hata chozi moja. Akaikunja ile karatasi, akanirudishia.

"Haya mbona nayajua," akasema.

"Unayajua tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile. Alikuja nyumbani mwenyewe akanieleza. Alikuwa amebanwa na mshirika wake, ilibidi amtaje mtu. Akaniomba nimsitiri, na akasema kiti hakitakaa bure, nimpeleke mdogo wako." Akavua miwani. "Wewe ulikuwa na akili zako, nilijua utapata kwingine. Yeye alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili hana hili wala lile. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Nisingewaambia watu kwamba mwanangu ni mwizi."

"Sikusema mwizi."

"Baba, ulisema mghushi. Mbele ya shangazi, mbele ya bibi, mbele ya watu waliokuja kumzika babu."

Akaokota bisibisi, akaiweka tena. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Na hii barua umeipataje? Yule ananipigia simu tangu jana, kafungiwa mambo yake, analia. Ni nyinyi? Kama ni wewe, mwanangu, mfungulie. Mdogo wako anakula kwa mkono wa yule. Damu nzito kuliko maji."

Hapo ndipo nilipojua kikulacho ki nguoni mwako ni msemo wa watu waliokwisha kuliwa. Nilikuwa nimekuja kumsafishia macho mtu ambaye alikuwa anaona vizuri kuliko mimi. Nikatoa simu, nikaipiga picha ile barua mbele yake, nikaituma kwenye kundi la ukoo, watu thelathini na saba, na chini nikaandika: "Baba mdogo alijua tangu wiki ile. Ameniambia leo kwa kinywa chake." Akaisikia simu yake ikilia mfukoni. Hakuitoa, na mimi nikaondoka bila kuaga.

Nilirudi ofisini nikiwa na nia moja, kumfunga moja kwa moja. Mfumo unakupa sababu sita za kuchagua, na ya nne ni "ridhaa za kughushi". Ukiibonyeza hiyo hakuna rufaa, orodha inafutwa, mtu haponi. Nikaweka mshale juu yake. Kadi iliyokuwa wazi pembeni ilikuwa ya mwalimu mmoja mstaafu, mkono wake ulikuwa unatetemeka, nakumbuka nilimshikia kadi isiteleze akaweka saini yake kwa kujivunia. Nikaiangalia saini ile, nikaangalia sababu ya nne. Kuibonyeza ilikuwa ni kuandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, maneno yale yale aliyoniandikia yeye. Nikautoa mshale, na nilimchukia zaidi kwa kunifikisha hapo.

Lakini siku mbili za kazi zilikuwa zangu. Alhamisi saa tatu hadi Jumatatu saa tatu, hakuna aliyeniambia niharakishe.

"Lile faili la miwani limelala kwako?" Mama Kanuni akauliza jioni akipita na mkoba begani.

"Bado nazikagua kadi, mama. Ni nyingi."

"Sawa. Muda usizidi tu."

"Hautazidi."

Hadi napanga mkoba, Daktari alikuwa ameandika mara nne zaidi. Ya mwisho haikuwa na mheshimiwa wala taadhima, ilikuwa na neno "tafadhali" limeandikwa mara tatu. Nikazima taa ya meza nikaenda nyumbani, nikalala usingizi mzuri ajabu.

Jumamosi nilikwenda kusimama upande wa pili wa barabara. Viti vya kukodi vilikuwa hamsini, nimevihesabu. Watu walikuwa saba, na kati yao wanne ni ndugu zake. Mdogo wangu alisimama mlangoni na sinia la soda, akiwatabasamia wapita njia. Daktari alikuwa akitoka, anaangalia barabara, anarudi ndani, anatoka tena, tai imemkaba. Kwa mdogo wangu roho iliniuma, maana yeye hakujua lolote. Kwa yule mwingine nilifurahi, sitawadanganya, nilifurahi hadi nikanunua karanga nikazila pale pale nimesimama.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi nikamfungulia. Kwenye maelezo ya uamuzi, yale yanayokwenda kwa mteja, nikaandika: "Nimekagua kadi zako zote elfu nne na mia mbili. Ni za kweli, kila moja. Akaunti yako iko wazi kuanzia sasa." Na mahali pa namba kumi na nne nikaandika majina yangu yote matatu, kama alivyoyaandika yeye.

Saa nne Mama Kanuni akaniita. Alikuwa na maelezo yangu mbele yake, na pembeni barua ya malalamiko kutoka duka la miwani.

"Ulikuwa unamjua?"

"Namjua vizuri sana, mama."

"Na kadi?"

"Nilizikusanya mimi."

"Uamuzi wenyewe ni sahihi," akasema. "Sina hata nukta ya kubadilisha. Lakini kitambulisho chako naomba ukiache hapa."

Nikakivua nikakiweka mezani. Nikamwomba dakika moja nifunge kompyuta yangu, akanikubalia. Mfumo wetu huonyesha kila barua imefunguliwa lini na mara ngapi, ndiyo biashara yenyewe. Nikaitafuta ile niliyomtumia Daktari asubuhi. Kati ya saa mbili na dakika thelathini na tatu na saa nne kasoro kidogo, alikuwa ameifungua mara kumi na moja.