Hafi Mtu Ndani ya Mjerumani

Mume wangu alikuwa mwoga, na nikisema hivyo ninamsifu. Kuku akiwa bado anafikiria kuvuka barabara, yeye alishakanyaga breki. Mvua ikianza, anaegesha pembeni, anafuta miwani kwa ncha ya shati, anangoja. Dada zangu walimcheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nalala usingizi wa pono, kwa sababu nilijua mtu wangu atarudi.

Kisha akapinduka.

Gari lenyewe ni la Kijerumani, la kampuni ambayo sina haja ya kuitaja. Nembo yake hata mtoto anayenyonya anaijua. Aliachiwa na marehemu mjomba wake. Mume wangu anauza marumaru, anazunguka madukani na sampuli kwenye buti, na siku hiyo lori lilimjia upande wake pale kwenye kona ya kushukia bondeni. Akalikwepa. Gari likabiringika hadi kwenye shamba la watu, likasimama tena kwa magurudumu yake, kama mtu aliyeteleza mbele za watu akainuka harakaharaka. Paa lilibonyea, vioo vyote vilimwagika, marumaru zilisagika zikawa unga. Mume wangu akafungua mlango, akashuka, akauliza miwani yake iko wapi. Alikuwa na mchubuko wa kiwiko. Basi.

Mimi ninafanya kazi kwa dobi, asubuhi napiga pasi, mchana naendesha kigari chetu cha kupelekea wateja nguo zao. Nilifika pale na kigari hichohicho, nguo za watu zikiwa bado nyuma. Nilikuta umati unalipapasa lile gari kama vile limefufuka. Mwanamume mmoja mwenye jembe begani akasema, "Hiki ndicho chuma cha Mjerumani. Humu hafi mtu." Wenzake wakaitikia: humu hafi mtu. Mimi nililia kwa furaha, na nisiwafiche, nililibusu boneti.

Ningejua, ningelipiga teke.

Maana uoga wa mume wangu ulibaki kule shambani pamoja na vile vioo. Gari lilipelekwa gereji, likanyooshwa, likapigwa rangi, likarudi linameremeta. Mwenyewe akarudi mtu mwingine. Sasa anaendesha kwa mkono mmoja, kiwiko chenye kovu kiko dirishani kila mtu akione. Kona anaikata. Lori analipita likiwa linapanda mlima, haoni mbele, anapiga honi tu kama vile honi inafungua njia. Nikishika dashibodi, anacheka. "Mama Kasuku, tulia. Umepanda Mjerumani."

Kasuku ni binti yetu. Ana jina lake zuri tu, lakini anaongea tangu anapofumbua macho mpaka anapolala, kwa hiyo mtaa mzima unamwita hivyo. Kila asubuhi baba yake humpeleka shule kwa gari hilo, na njia ya shule inapita kwenye kona ileile ya bondeni. Nilikuwa napiga pasi huku sikio liko kwenye simu. Simu ikilia, nguo ya mtu inaungua.

Na maneno! Zamani mume wangu hakuwa na maneno. Sasa mgeni akikaa tu, hata hajapewa maji ya kunywa, anaanza kusomewa historia ya kampuni. Ilivyoanza kabla babu zetu hawajazaliwa. Vita ilivyokuja, viwanda vikapigwa mabomu, vikabaki vifusi. "Unadhani walikata tamaa? Walianza upya kwa kutengeneza masufuria! Sasa mtu aliyetoka kwenye kifusi akatengeneza sufuria, halafu akarudi kwenye magari, wewe utamwambia nini kuhusu breki?"

"Mimi sijaolewa na sufuria," nilimjibu siku moja mbele ya wageni. Walicheka. Yeye pia alicheka, na kesho yake akaendesha vilevile.

Nilikwenda gereji kwa fundi bodi aliyelinyoosha, mtu mkimya mwenye vumbi la puti, ile ya kuzibia mabonde ya gari, mpaka kwenye kope. Nilitaka aniambie kwamba gari ni zima ili nipate kulala. Aliniangalia kidogo, akaweka msasa chini.

"Mama, sifa anazosema mumeo ni za kweli," alisema. "Gari la aina hii limetengenezwa likunjike lenyewe, ili wewe usikunjike. Na lilikunjika. Mimi nimelirudishia sura kwa nyundo na puti. Nguvu yake sikuweza kuirudisha."

"Na ile mifuko inayofura ukigonga?"

"Ilishafura siku ile. Pale kwenye usukani kuna kifuniko tu, nimekibandika mimi mwenyewe. Mumeo anajua."

Niliketi juu ya tairi. Mumeo anajua. Jioni nilimuuliza, naye hakukataa hata kidogo. "Lile pigo lilikuwa la mwisho," alisema huku akivua viatu. "Mtu hapinduki mara mbili."

Lakini kilichonitia hofu hasa, hofu ya kuamka na kwenda kumgusa mtoto kama anapumua, ni ule mchezo.

Mume wangu alikuwa na video kwenye simu yake, za kiwandani. Gari jipya linafungwa kwenye reli, linarushwa likagonge ukuta makusudi, na ndani wamekalishwa masanamu ya ukubwa wa watu, hata ya watoto, yenye alama za njano na nyeusi kichwani. Picha inapunguzwa mwendo, linagonga, vioo vinapaa, vichwa vya masanamu vinakwenda mbele na kurudi. Kasuku alikuwa akiketi mapajani mwa baba yake, wanaangalia na kurudia. "Unaona?" alimwambia. "Hawajavunjika hata kidole."

"Hawana mama," nilisema kutoka jikoni.

Siku moja nilimfuata shule mwenyewe na kile kigari cha dobi. Nikashangaa njia nzima Kasuku haongei. Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma bila mkanda, ameachia mikono, shingo imelegea, macho wazi hayapepesi. Nilipiga breki nikamwita. Kichwa kilikwenda mbele, kikarudi. Mtoto wangu hakuniitikia. Nilishuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikamshika mabega nikamtikisa, na hapo ndipo akaangua kicheko.

"Mimi ni sanamu, mama! Sanamu haliongei. Mimi na baba tunacheza hivi kila siku. Baba akifika kwenye kona ananiambia, jifanye sanamu."

Niliketi kando ya barabara, nikamkumbatia mpaka akalalamika kwamba namuumiza.

Nilimweleza mama mkwe, nikidhani mama mzazi atanielewa. Wapi! "Gari lile lilinirudishia mwanangu," alisema, "na wewe unalitukana?" Nikajua hapo nimebaki peke yangu. Hofu ya watu watatu nilikuwa nimeibeba mimi mmoja. Nikaapa moyoni: ikiwa maneno hayamwingii mume wangu, basi hofu yake nitamrudishia kwa njia nyingine, na nitaanza na Jumapili hii.

Jumapili hiyo Kasuku alikuwa amelala kwa bibi yake, ng'ambo ya bonde, nasi tulikuwa tunakwenda kumchukua. Mtoto hayumo ndani. Nililifikiria hilo kwanza kabla ya lolote. Nikanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Leo naendesha mimi."

"Basi tutafika kesho," alisema, akanipa huku akicheka.

Nilianza kwa adabu. Tulipotoka kwenye nyumba za mwisho nikashusha kioo, nikatoa kiwiko nje, nikaushika usukani kwa mkono mmoja. Nikakanyaga mafuta. Loo, gari lilivyoitika! Kigari cha dobi ukikikanyaga kinakohoa kwanza. Hili lilikwenda kimya, kama vile lilikuwa linasubiri niliambie.

"Unajua hawa watu walianza na masufuria?" nilisema.

Alicheka. Nikalipita basi. Akacheka kidogo. Nikapita magari mawili kwa mpigo, nikamweleza habari za vifusi, za mabomu, za babu zetu, neno kwa neno kama anavyosema yeye, na nikimtazama yeye badala ya barabara. Hakucheka tena. Mkono wake ulipanda taratibu ukashika kile kishikio cha juu ya mlango.

"Mama Kasuku."

"Naam, mume wangu."

"Kuna kona."

"Naiona."

"Kuna lori mbele yako!"

"Nalo naliona. Jifanye sanamu."

Nikatoka nyuma ya lori. Tulikuwa tunashuka, bonde liko upande wake, na kutoka kwenye kona ikachomoza pikapu nyeupe, inakuja na taa zinawaka na kuzima. Nilimwona dereva wake, mwanamke kama mimi, mdomo umebaki wazi. Kati ya lori na pikapu palibaki upenyo. Nikaingia. Kitu kilikwaruza ubavuni, kioo cha pembeni kikakatika, tukawa tumepita. Mume wangu alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mwanamume mzima.

"Simama! Nakuomba! Nakuomba, mama, simama!"

Nilisimama palipo na nafasi, pembeni kabisa. Alifungua mlango akaangukia magoti, akatapika kwenye nyasi. Kisha akajivuta, akaegemea gurudumu, analia bila kujificha. Miwani ilikuwa imeanguka tena, naye hakuiulizia.

"Mimi ndivyo ninavyoendesha?" aliniuliza niliposhuka.

"Hivyohivyo. Na mtoto akiwa nyuma."

"Mle hakuna mifuko," alisema, kana kwamba ananipasha habari. "Mbele hakuna kitu. Lingetukunja kama karatasi. Nilikuwa najua, na nilikuwa nampakia mwanangu." Akajipiga kofi mwenyewe shavuni, mara moja, kwa nguvu. Nikamshika mkono asirudie. Ulikuwa unatetemeka, wa baridi, umelowa jasho. Mwoga wangu alikuwa amerudi. Miezi yote ile nilikuwa nimeomba hilo tu, na nilitaka kushangilia.

Ndipo nilipoiangalia mikono yangu. Ilikuwa mikavu. Ilikuwa imetulia kuliko ninavyopiga pasi.

Niliitafuta ile hofu. Ninaifahamu inapokaa, chini ya mbavu, upande wa kushoto, nimeishi nayo kama mpangaji. Haikuwepo. Nikairudia ile kona kichwani, ile pikapu, ule mdomo wazi wa yule dada wa watu ambaye hakunikosea chochote. Nilitaka nishtuke. Nilichokumbuka ni ule upenyo, na jinsi nilivyoutamani nilipouona. Na nilikumbuka jambo jingine, ambalo sikumwambia mume wangu na wala sitamwambia. Tulipokwisha kupita, kabla hajapiga ukelele, macho yangu yalikuwa yameshakwenda kwenye gari linalofuata.

Nikaurusha ufunguo kwenye nyasi kama kitu cha moto. Nikauokota, nikamwekea mume wangu kiganjani.

"Endesha wewe."

"Siwezi. Huoni ninavyotetemeka?"

"Ndiyo maana nakupa wewe."

Tulikwenda mwendo wa jongoo. Alishika usukani kwa mikono miwili, kidevu karibu kiuguse, na kila kona alipiga honi, akasimama kabisa, akachungulia, ndipo akapita. Wa nyuma walitutukana. Mwenye baiskeli alitupita huku akitupungia. Mimi nilikaa kwa abiria nikijiambia, mshukuru Mungu, mwanamke, ulichokitaka umekipata. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakandamiza zulia. Niliuondoa. Baada ya muda nikaukuta umerudi palepale.

Kwa mama mkwe hatukukaa. Mume wangu alimpakia Kasuku mwenyewe, akamfunga mkanda, akauvuta kuhakikisha, akamwambia kwamba mchezo wa masanamu umekwisha na video zimefutwa. Mama mkwe aliutazama mlango wa gari ulivyochubuka, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Kurudi kulikuwa vilevile. Kasuku aliongea, akaimba, akahesabu magari yanayotupita, akachoka.

"Baba, Mjerumani anaumwa?"

Baba yake alizidi kuukumbatia usukani. Jasho lilimtiririka, macho yako barabarani, bonde limeanza kuonekana mbele yetu. Mtoto akasogea mpaka mkanda ulipomruhusu, akaweka kidevu karibu na bega langu.

"Mama, si uendeshe wewe?"

Nilifungua mdomo nimwambie hapana, na mkono ulikuwa umeshaufungua mkanda wangu.