Mtungi wa Mwanahamisi

Naogopa. Nasema hapa kambini kwa sababu wenzangu wote wako kwenye vyungu na hakuna anayenisikia. Naogopa, mimi Kasimu, kirangozi, yule anayetangulia msafara na bendera begani, ambaye mji wetu wote wa Kindu unasema nina moyo wa nyati. Nyati gani! Nyati mwenyewe angepelekwa tunakopelekwa sisi angelala chini akakataa.

Tunakwenda kupanda mlima. Nimeshakwenda Nyangwe, Kabambare, hata Ujiji, na kila safari ilikuwa na sababu yake: pembe, chumvi, vitambaa. Mlima huu uko nchi ya Wachaga, ng'ambo ya Tanganyika na ng'ambo ya Unyamwezi. Mwenye safari ni Bwana Louis, Mzungu aliyekuja kwetu kwa mto. Alituchorea mlima wake mchangani, mbele ya baraza: chini mpana, juu mwembamba. Kisha akachomeka kijiti kileleni.

"Pale juu iko nini?" niliuliza. "Pembe?"

Mkalimani alimwuliza, akatugeukia. "Hapana kitu."

"Sasa tunaenda kufuata nini?"

"Anataka kusimama pale. Kisha anashuka."

Baraza zima lilicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Kisha kiherehere kikanipanda, nikasema: "Kama njo kusimama tu, miye nitasimama mbele yake!" Watu wakapiga makofi. Ulimi huu, kama ungeng'oka ningeutupia mamba. Kesho yake nilikabidhiwa bendera.

Nilikuwa sijaogopa bado. Hofu ililetwa nyumbani kwangu na Bulaimu, msuka migono ya kutegea samaki, siku tuliyokuwa tukifunga mizigo kibarazani. Bulaimu alikuwa mpagazi wa matajiri wa pwani kabla hajahamia kwetu, na vidole vyake vya mkono wa kulia vimekatikia katikati. Sote tulijua ni mamba. Hakuna aliyewahi kumwuliza, naye hakuwahi kukataa. Basi akaokota kiatu kimoja cha Bwana Louis, vile viatu vyenye misumari chini, akakitazama, akakirudisha polepole.

"Kasimu, ndugu yangu. Hizi vidole hazikuliwa na mamba."

"Zikaliwa na nini?"

"Baridi. Kwa ule mulima."

Nikacheka. "Baridi iko na meno?"

"Unaona mawese asubuhi ya kiangazi, vile inagandamana mu kibuyu? Kule mayi njo vile. Inasimama. Na damu ya muntu ni mayi vilevile. Kwanza vidole inauma, unapiga kelele. Kisha haiumi tena. Ukiona haiumi tena, njo ulie." Alivuta pumzi. "Tulilala chini ya jiwe. Asubuhi wenzetu wawili walikuwa wamekaa, macho wazi. Tulifikiri wanatungojea."

Nyuma ya ukuta mke wangu Mwanahamisi alikuwa akipepeta mpunga. Ungo wake ulinyamaza kidogo, kisha ukaendelea. Sikulitia maanani.

Tangu siku ile nikila navitazama vidole vyangu. Nikikaa navikunja na kuvikunjua. Usingizini nawaona wale wawili waliokaa macho wazi, na mmoja wao ana bendera begani. Mtu ataniambia: si ukatae tu? Asiyejua desturi zetu husema hivyo. Kirangozi akisema naogopa, si kirangozi tena. Watoto watamtungia wimbo, na mkewe atausikia kisimani mpaka azeeke. Mama yangu alikuwa akisema, kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Mimi kicheko kile sikiwezi. Niliona heri kilio.

Mlango wa heshima ulikuwepo mmoja tu, ndege mbaya, ishara ya mkosi njiani. Kirangozi akitoka na bendera, akakutana njiani na mwanamke mwenye mtungi mtupu, anarudi nyumbani kwake na yeye haendi tena safari ile. Bendera hupewa mwingine. Hakuna anayemcheka, watu humpa pole na kusema Mungu amemwonya. Hata Bwana Louis alielezwa, akakubali. Na nasikia wapo wanawake wa Kindu waliokwisha kupita njiani na mtungi mtupu kwa kusudi, waume zao walipowaomba, na siri ikabaki chini ya mto wa kulalia. Nami ningemwomba wangu. Lakini ili nimwombe, ilinipasa kwanza niseme naogopa.

Jana tukila, Mwanahamisi aliacha tonge mkononi.

"Baba Waziri, unaogopa?"

"Miye? Niogope jiwe?"

"Sema tu. Hapa hapana muntu mwingine."

"Nimekwisha kukuambia hapana!" Nikapandisha sauti, mjinga mimi, kama mtu anayefukuza mbuzi.

"Basi," akasema, akaondoa sahani.

Leo asubuhi ngoma ikapigwa, wapagazi wakajitwika, tukashika njia ya kuteremkia mtoni. Nilitangulia na bendera nikiomba dua ambayo nadhani hakuna kirangozi aliyewahi kuiomba: Mola, nipe mkosi. Wanawake walikuwa wamesimama kando wakipiga vigelegele. Hakuna hata mmoja mwenye mtungi.

Karibu na kivuko, kwenye migomba, Mwanahamisi akatokea njia ya pembeni akaingia njia yetu, mtungi kichwani.

Alikuwa anatoka upande wa nyumba, si upande wa mto, na mtu atokaye nyumbani na mtungi hubeba mtupu. Nilitaka kuona shingo yake, maana shingo ya mwanamke husema kama mtungi umejaa. Lakini Mwanahamisi hubeba mtupu na uliojaa kwa mwendo uleule, watu humsifu kwa hilo. Nikapunguza hatua. Nyuma yangu msafara wote ukanyamaza, hata ngoma. Mwanamke wangu, nilisema moyoni, umenielewa bila kuambiwa, Mungu akubariki wewe na waliokuzaa.

Akakaribia. Nikaona jani la mgomba juu ya mtungi, lile wanaloweka maji yasimwagike.

Akautua mbele yangu. Ulikuwa umejaa mpaka mdomoni. Akachota kwa kata, akanimwagia miguu yote miwili, na wapagazi wakapiga yowe la furaha, maana ndege njema kuliko hiyo haipo.

"Enda na rudi, Baba Waziri," alisema. "Miguu yako isichoke."

"Aksanti, mama," nikajibu. Nikaingia mtumbwini.

Sasa tumepiga kambi ng'ambo, jua likiwa bado juu. Kambi ya kwanza huwa karibu kila mara, ili aliyesahau kitu arudi akakichukue. Mapaa ya Kindu nayaona kutoka hapa, na moshi wa jiko langu pengine ni ule. Ndiyo maana nimekaa hapa peke yangu nikipekua mzigo wangu, aliofunga mke wangu. Nilitafuta kitu kimoja tu kilichosahauliwa. Chumvi ipo. Pilipili ipo. Sindano na uzi, dawa ya tumbo, tasbihi ya marehemu baba, vyote vipo. Mwanamke huyu hasahau!

Chini kabisa mkono wangu umegusa kitu laini. Ni vifuko viwili vilivyoshonwa kwa kitambaa chake chekundu cha Idi, alichokuwa nacho kimoja tu. Ndani amejaza sufi. Kila kimoja kina kijumba cha pembeni cha kuingizia kidole gumba.

Nimekumbuka ungo ulionyamaza. Alisikia yote, maskini, akakaa nayo siku zote hizo akishona, na jana akaniuliza, nami nikamkatalia.

Nimevivaa mikononi. Vinanienea kabisa.

Mpiga kasia anapita kambini akiita: "Nani amesahau kitu? Mutumbwi ya mwisho inarudi Kindu!" Amesimama mbele yangu, anaitazama mikono yangu myekundu.

"Weye, Kasimu? Umesahau kitu?"

"Hapana," nimemjibu. "Sikusahau kitu."