Tanga Lenye Kifua

…haya bisha, cherehani wewe, kwama tena, sema bibi kizee ana wivu wa bure, ila masikio ni yangu na ukuta ni wa mbao, nawasikia hapo bandani, mume wangu na mdogo wangu wa tumbo moja, “Shemeji, sukuma!” “Nimesukuma, vuta na wewe, au mikono imezeeka?” halafu kicheko… wanashona mashua, ndiyo, kushona, plaiwudi unaitoboa pembeni, mmoja anakaa nje anapenyeza waya, mwingine yuko ndani anaupokea na kuusokota kwa koleo mpaka mbao zikumbatiane, ndipo gundi, kazi ya watu wawili kupokezana vidole, nani aliibuni kazi hiyo kama si shetani… miaka yote nashona katika nyumba hii, sare za shule, mapazia, suruali zake za udereva zilizopasuka makalioni, hakuna siku alisema lete nikushikie hata uzi, leo kastaafu, kaona picha ya kimashua cha wanaojifunza kuendesha tanga, cha watu wawili, basi hatulali, mtu ambaye hata beseni la kuogea linamtisha… na yule, kafiwa na mume, kaja kupumzika wiki, wiki ikazaa mwezi, pole nilimpa, chumba nilimpa, shuka mpya nilimpa, tangu utotoni ndivyo alivyo, mwanasesere wangu alimshika “kidogo tu, dada”, akalala naye mpaka kichwa kikang'oka, na leo huwezi kutia neno, utaambiwa mtu na shemeji yake wanataniana, wewe una nini… “Siku ya kuishusha bwawani mimi nakaa mbele, shemeji!” nyamaza cherehani nisikie… “Kaa tu, wewe mwepesi.” Mwepesi! Na mimi gunia la saruji, mimi nimetupiwa tanga nilishone peke yangu humu kama fundi wa kukodi… sasa nikilishona bapa, bapa kama shuka, nani atajua, tanga bapa halivuti, linapigapiga tu kama mdomo wa mlevi, wataganda katikati ya maji wanatazamana… wanatazamana, hapana, hilo hapana, siwashonei fungate… na mkono wangu wenyewe haujui kuharibu, tazama, nishakata kitambaa kwa kupinda, nishaliachia kifua, lijae upepo kama blauzi ya mama mwenye afya, litavuta hili, litavuta hata gunia la saruji… “Dada! Tanga tayari?” anaita, “Bado!” namjibu, na uzi wa pindo la mwisho nimeukata kwa meno sasa hivi… kumbe mashua bila tanga ni sinia tu, na tanga liko kwapani mwangu, atakayelitaka siku hiyo atanikuta nimeketi mbele, mwepesi abaki ukingoni atushikie viatu… “Vuta, shemeji!” vuteni, vuteni tu wanangu… natoka nalo, wewe cherehani baki humu, wasije wakashona jingine, mlango naufunga, tena kwa ufunguo.