Ghorofa Iliyonituliza

Siku ya kwanza baada ya kurudi kutoka melini, sakafu ya jikoni kwangu iliinuka. Nilikuwa nimesimama nangoja chai ichemke, mara nikahisi upande wa kushoto unapanda polepole, unatua, kisha unapanda wa kulia. Nikashika ukingo wa meza. Sufuria ilikuwa imetulia jikoni, na mke wangu amekaa kwenye kigoda anakata vitunguu, hana habari.

"Tulishuka jana," akasema bila kuinua macho. "Au mwenzangu umebaki?"

Alikuwa ananitania. Mimi sikucheka. Mimi ni fundi mwashi, mwaka wa thelathini na saba huu nashika mwiko, na watu wananiita Timazi kwa sababu ukuta wangu ukipinda basi na dunia imepinda. Wewe ukija na pima maji yako ukaona nimekosea, kwanza kanunue pima maji nyingine. Mtu kama mimi akiambiwa sakafu haijasogea, na miguu yake inamwambia imesogea, amwamini nani?

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Binti yangu na mume wake walitupeleka siku saba kwenye meli ya utalii, mimi na mama yake, kunishukuru kwa nyumba niliyowajengea: ghorofa moja, chini jiko na chumba cha wageni, juu sebule na vyumba vya kulala. Mkono wangu mwenyewe toka msingi hadi kenchi za paa. Mke wangu alistarehe humo melini kama kazaliwa humo. Mimi nilikula, nikalala, nikachoka kukaa bure, nikataka kurudi. Kumbe nilikuwa sijui ninarudi na nini.

Daktari wa masikio alinimulika, akanigeuza kichwa huku na huku, akasema si kitu. "Mzee, ubongo wako umeizoea bahari. Utaisahau. Wiki mbili, tatu."

Wiki sita zikapita. Nikikaa, nayumba. Nikilala, kitanda kinanibeba na kunishusha. Nilirudi kazini kwa ubishi tu, nikapanga mstari mmoja wa matofali, ukapinda, mwenzangu wa kazi wa miaka mingi akaja kuuangalia. Akaanza kucheka, halafu akaacha. Angecheka hadi mwisho ningemtukana yakaisha. Lakini alinichukulia mwiko mkononi taratibu, akasema, "Nenda nyumbani, kaka." Nililia njiani, na sioni aibu kusema.

Jumapili ile mke wangu akanivuta twende kwa binti yetu, maana nilikuwa nimeanza kuzira hata chakula. Nikapanda ngazi nimeshika ukuta. Nikafika juu sebuleni, nikakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, nikangoja mawimbi yangu.

Hayakuja.

Nikasimama katikati ya chumba, nikafumba macho, mikono pembeni. Kimya. Miguu yangu ilikuwa yangu tena.

"Babu amepona!" mjukuu wangu akapiga kelele. Ana miaka minne, ndiye mke wangu mdogo, na wivu anao kuliko mkubwa. Akanirukia. Nikamdaka bila kupepesuka, nikamzungusha, binti yangu akaweka mikono mdomoni kwa furaha.

"Nyumba hii ina baraka, Baba," akasema. "Njoo kila siku."

Nikaenda kila siku. Nilikuwa naondoka kwangu asubuhi nayumba kama mlevi, napanda ngazi zile, nakaa, natulia. Nililala mchana usingizi ambao sijaupata tangu ujana. Na kiburi changu kikanona. Nikawaambia wote kwamba mwili wa fundi unajua kazi iliyonyooka. Kwamba nyumba nyingine zote zimepindapinda ndiyo maana zinanisumbua. Nilisema hivyo hata mbele ya mkwe wangu, makusudi.

Mkwe wangu ni mwalimu wa hesabu. Kijana mpole, lakini siku ya kwanza kabisa ya ujenzi alinikosea. Alisema, kwa adabu zote, "Baba, tungemwita mhandisi apime udongo." Mimi nikamwambia nilikuwa napima udongo wakati yeye bado anapimwa uzito kliniki. Hakulirudia tena, na mimi nikahesabu nimeshinda.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari mara ya pili. Garini nilikaa mbele, tukaenda vizuri tu, nikawa nimetulia kabisa. Tukafika kwenye taa nyekundu, gari likasimama, na hapo hapo kiti kikaanza kuinuka chini yangu. Taa ikawaka kijani, tukaondoka, nikatulia. Taa nyingine, tukasimama, nikayumba. Nilidhani imetokea tu. Kufika taa ya nne sikudhani hivyo tena.

Nikamweleza daktari. Akatikisa kichwa kama aliyekuwa akilingoja. "Wote wenye hali hii husema hivyo. Mwili umezoea kubebwa. Ukiwa juu ya kitu kinachokwenda unatulia, kikisimama unaanza. Ukiwa juu ya kitu kilichotulia huwezi kutulia, mpaka hali yenyewe iishe." Akainua kalamu. "Kuna mahali pengine unapopata nafuu?"

"Papo!" mkwe wangu akadakia, anafurahi. "Kwetu, ghorofani. Akifika tu, anapona."

"Mnakaa karibu na reli? Na mitambo?"

"Hapana. Ni mtaa wa kimya."

Daktari akaandika kitu, hakuuliza tena. Mimi nilikuwa nimeshaelewa: natulia juu ya kitu kinachokwenda.

Siku ya pili nilikwenda nyumbani kwa binti yangu wakiwa kazini, na mtoto yuko shuleni. Ufunguo ninao. Nikafunga timazi yangu, uzi wenye kipande cha chuma, kwenye ndoano ya taa sebuleni, nikakaa sakafuni nikaikodolea macho. Haikucheza. Nikaweka pima maji dirishani, mlangoni, sakafuni, kila pembe. Povu katikati, sawasawa. Nikazunguka nje nikiutazama ukuta, sikuona ufa hata wa unywele. Nikajipikia chai jikoni, nikapanda nayo juu, nikaiweka mezani. Ilikuwa imetulia kikombeni, na mimi nimetulia kando yake, na hapo ndipo nilipokumbuka. Kule melini pia chai yangu ilikuwa inatulia kikombeni. Meli ile ilikuwa kubwa, ukiwa ndani hujui kama inakwenda.

Sasa niseme nililolificha. Wakati wa kuchimba msingi, kwenye pembe ya nyuma, nilipigilia nondo ardhini kama kawaida yangu, nisikilize udongo. Fundi wa zamani husikia kwa mkono: ardhi ngumu inarudisha nondo. Pale nondo ilizama kama kijiko kwenye uji. Lilikuwa shimo la choo la zamani, la watu waliokaa hapo kabla yetu. Dawa yake inajulikana. Unalichimbua lote mpaka chini, au unalivuka kwa mhimili wa zege, na mhimili huo unataka hesabu za mhandisi. Yaani ningelazimika kwenda kwa mkwe wangu na kumwambia, mwanangu, mwite yule mtu wako.

Ningekufa kwanza. Jumapili moja, peke yangu, nikalijaza kifusi, nikashindilia mpaka mabega yakawaka moto, nikamwaga zege juu. Jumatatu tukaendelea na kazi. Baada ya mwaka hata mimi nilikuwa nimesahau, maana mtu husahau anachotaka.

Niliwaambia jioni ile ile, wote wawili, mtoto amekaa mapajani mwangu. Nikaanza na la kuyumba. Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nyumba yetu inakwenda," akasema.

"Sijui inafanya nini. Najua haijatulia."

"Ushahidi?"

"Mimi hapa. Sijayumba hata kidogo."

Mkwe wangu akacheka kidogo, cheko la woga. Ndipo nikasema la shimo. Nikasema na la Jumapili, na kwa nini sikumwita mhandisi. Hakuna aliyecheka tena. Binti yangu akainuka, akamtoa mtoto mapajani kwangu.

"Lile la kwanza ni ugonjwa, Baba," akasema. "Hili la pili ni wewe."

Walihamia kwangu kesho yake, si kwa sababu waliniamini, bali mkwe wangu alisema hawezi kumlaza mtoto juu ya shimo mpaka mtu mwenye vipimo aseme. Binti yangu hakunisemesha. Nyumba nzima ina vyumba vitatu, tunapishana mlangoni, na bado akawa ananitumia salamu kwa mtoto. "Mwambie babu yako chakula tayari." "Mwambie babu yako ahamishe viatu vyake." Mtoto alikuwa ananijia na ujumbe huku mama yake yuko hatua mbili nyuma. Mtoto wa nyoka ni nyoka, sikuwa na la kulalamika. Nilimwomba Mungu jambo moja tu: wasirudi kule. Asinisemeshe mpaka kaburini, lakini wasirudi.

Mhandisi akafanya kazi siku kumi. Alichimba kando ya msingi, akaweka vipimo vyake ukutani, akaja na karatasi. Shimo lipo, akasema, na aliyelijaza alilishindilia vizuri kuliko wengi. Nyumba haijazama. Haijainama. Haisogei. Wanaweza kurudi.

Siku nyingine ningemwomba ile karatasi niitundike ukutani. Siku ile nilimfuata mpaka kwenye gari lake nikamsihi apime tena. Akaniangalia kwa huruma, akaniita mzee wangu, akaondoka.

Jumamosi wakapakia. Masanduku yalikuwa tayari garini, mkwe wangu anafunga buti la nyuma. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya barazani, nayumba zangu. Mjukuu wangu akatoka ndani na mwanasesere wake. Nikamtazama anavyokuja. Alikuwa ametanua miguu, anaweka unyayo mmoja, anangoja kidogo ndipo anaweka mwingine.

"Mke wangu, mbona unatembea hivyo?" nikamuuliza. "Unaniiga?"

"Siigi."

"Sasa?"

"Kwako kunacheza, babu." Akanishika bega ili asianguke. "Kwetu hakuchezi."

"Kunacheza tangu lini?"

"Tangu tumekuja kulala hapa."

Nikageuka. Binti yangu alikuwa mlangoni, amesikia. Mkono wake ulikuwa kwenye fremu ya mlango. Nimekaa na kuta maisha yangu yote, naujua mkono ulioegeshwa na mkono ulioshikilia. Ule ulikuwa umeshikilia, vidole vimekakamaa.

"Na wewe?" nikamuuliza.

Nilidhani atamtuma mtoto ajibu. "Nilidhani ni presha," akasema. "Halafu nikasema ni hasira, nimekukasirikia sana. Nikilala tu, kitanda..."

Sote tukamtazama mkwe wangu. Alikuwa bado amesimama nyuma ya gari, viganja vyote viwili juu ya buti lililofungwa, kama anayelizuia lisiondoke.

"Mimi nilijua ni mimi peke yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Niliona aibu kusema. Mhandisi amepima, Baba. Nimezipitia hesabu zake zote. Ziko sawa."

Maisha yangu yote nimependa kuambiwa nimesema kweli. Asubuhi ile ningeutoa mkono wangu wa kulia niambiwe mimi ni mwongo, mgonjwa, mzee aliyechanganyikiwa. Nilimkumbatia mtoto.

Mke wangu akatokea na kikombe cha chai, akasimama barazani kati yetu. Yeye hakuwahi kulala katika nyumba ile hata usiku mmoja, na bahari ilikwisha kumtoka siku tuliyoshuka. Akaangalia binti yake mlangoni, akaniangalia mimi na mtoto, akaangalia mkwe wake kule kwenye gari. Akaangalia tena. Nikaona uso wake unabadilika.

"Mbona mnainama wote upande mmoja?" akauliza.

Tulikuwa tumeanza kurudi upande wa pili.

Binti yangu akaachia fremu ya mlango. Akaja mpaka pale nilipokaa, miguu imetanuka kama ya mwanawe, akatoa funguo za nyumba yake kwenye mkoba.

"Shika, Baba," akasema. "Asiingie mtu kule. Hata wewe. Hasa wewe."

Nikanyoosha mkono kuzipokea. Haukupishana na wake, kwa sababu tulikuwa tunayumba pamoja.