Kifundo cha Mguu wa Kulia

Mukhisa hakuwahi kuvunja kitu. Sahani, yai, hata ahadi. Hivyo ndivyo msimulizi wa habari hii huanza kila Jumamosi dukani kwa Wabwile, pale Matulo, na mwenye shaka huambiwa asogee awapishe wengine.

Mwaka wa 1938 mikono hiyo ya ajabu iliajiriwa Kitale na Bwana Pelham, mkulima wa mahindi aliyependa mifupa kuliko mahindi. Alikuwa ameleta kutoka kusini mwa Tanganyika mawe yaliyommeza mnyama mdogo wa kale mno, jamaa wa mijusi, asiyemzidi mbwa. Mukhisa alimchomoa jiweni kwa sindano na patasi. Kila jioni mnyama, mifupa mitupu, alishuka mezani, akajikung'uta, akazunguka ghala. Jentrix, mpishi, alilalamikia vumbi tu.

Bwana alitaka kujua ukoo wa mnyama huyo. Kifundo cha mguu ndicho kingeamua: ama ni jamaa wa mamba, ama ni binamu wa dinosaria wa kwanza, na hapo jina la Bwana lingesomwa London. Cha kushoto kilikuwa kimelika zamani. Asubuhi moja cha kulia nacho hakikuwepo. Jioni mnyama alichechemea.

Kuanzia hapo kila mtu alichungulia mfuko wa mwenzake. Bwana alilala na funguo. Jentrix alianza kuficha sufuria. Mukhisa, kwa uchungu wa kazi, alikumbusha kwamba anayefagia ghala ni Wahome.

Wahome alikuwa skwota kutoka Nyeri, kibarua aliyeruhusiwa kulima kipande cha shamba la Bwana. Yeye na mkewe Mwihaki walikuwa na kibanda shambani na mahindi yaliyokaribia kukomaa.

"Mimi nilifagia vumbi, Bwana. Mfupa ya mawe nitapeleka wapi, nipike supu?"

"Huyu hata kivuli chako anaweza kukuuzia," Mukhisa akasema. "Si tuangalie tu takataka yake, bana."

Wakaangalia. Kifundo kilikuwa humo, cheusi, kizima. Kabla ya adhuhuri Wahome na Mwihaki walikuwa barabarani na vyungu vyao. Mahindi yalibaki kwa Bwana.

Mukhisa alikibandika kifundo kwa gundi. Jioni ile mnyama hakuchechemea. Alitoka nje, akaenda moja kwa moja hadi kibanda kitupu cha Wahome, na mguu wa kulia ukaanza kuchakura mlangoni, kra, kra. Wa kushoto ulisubiri. Ikawa hivyo kila jioni. Bwana alitazama, akavuta kiko, akaamua: huyu ni binamu wa dinosaria, na ndege hawako mbali. Alimfungia kwenye sanduku la London akiwa bado anachakura.

"Basi mwizi akaenda zake," msimulizi humalizia, "na elimu ikapona."

Jumamosi iliyopita Jentrix, sasa bibi kizee, alikuwa mlangoni mwa duka na chumvi aliyonunua mkononi.

"Hiyo kuku ilikuwa yangu," alisema. "Nilikuona ukipangusa unga wa kile kifundo kwenye patasi. Halafu ukakuja jikoni, ukatafuna mguu ya kuku, mfupa ukapaka masizi ya sufuria yangu, ukaweka mfukoni. Nikanyamaza, nikiogopa kufutwa kazi."

Akavuta kiti, akaketi.

"Sasa rudia hapo kwa Wahome, Mukhisa. Polepole."