Dirisha la Mashariki

Mfumaji hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo mikutano yote na wenye kazi alimwachia mdogo wake, mwanamke mwenye ulimi mtamu na asiyeona haya mbele ya wakubwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kitambaa kirefu cha kuning'inia ukumbini, kwenye jengo jipya la ofisi, mbele ya dirisha la mashariki. Kabla ya kuanza, mfumaji alikwenda akaketi pale sakafuni, kwenye vumbi la saruji, akaangalia jua linavyoingia: kwanza jembamba, kisha likamwagika mpaka kwenye ngazi. Akafuma kwa kulifuata. Chini aliziachanisha nyuzi ili mwanga upite, juu akazibana, na katikati akatia uzi wa rangi ya asali.

"Dada, mbona huo kama matope?" mdogo wake aliuliza.

"Subiri upigwe na jua kwa nyuma."

Siku ya kutundika, mafundi walipitiliza na kitambaa mpaka ukuta wa ndani. Mfumaji akawaambia wamekosea. Msanifu wa jengo akamshangaa.

"Lile dirisha tuliliziba zamani, mama. Pamepita lifti. Mdogo wako hakukwambia?"

Mfumaji akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa anachezeachezea mkanda wa mkoba.

"Ulijua lini?"

"Ulikuwa ndiyo kwanza unaanza."

Kumbe muda wote ule alikuwa akija, anamshikia nyuzi, anasifu jinsi jua litakavyopenya, na huku anajua.

"Ningekwambia ungefumua yote, dada. Tungechelewa, wangetafuta mtu mwingine."

"Ningefumua, ndiyo. Halafu ningewafumia cha ukutani. Hukunipa hata nafasi hiyo."

Taa zikawashwa. Kitambaa kikakaa kizito, kimefifia, kama blanketi lililoanikwa. Wafanyakazi wakapiga makofi, mmoja akasema kimependeza kweli, na hilo ndilo lililomchoma mfumaji zaidi. Akaomba kibao chenye jina lake kibanduliwe. Msanifu akambembeleza, akagonga mwamba, akamwita fundi aje na bisibisi.

Nje, mdogo wake alimkimbilia. "Nisamehe basi, dada."

"Nimekusikia," akasema, bila kupunguza mwendo.

Bado wanakutana kwa mama yao, wanapeana chumvi mezani, wanaulizana habari za watoto. Lakini mdogo wake akimuuliza anafuma nini siku hizi, humjibu tu, "Kitambaa."